Lebo ya Mafuta ya Kivumbasi

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa chumba cha walimu hapa Mikindani, nasahihisha insha na kuwatia alama nyekundu watoto wa watu kwa kuruka maneno. "Habari anti," ulianza. "Mimi ni Wanjiru, msichana wa Njoroge, yule alikuwa anatengeneza mafuta huko Bombolulu. Namba yako nimepata kwa daftari yake ya zamani. Baba alituacha wiki iliyopita na tunamzika Jumamosi. Tunaandika kitabu ya mazishi na hapa kwetu hakuna mtu anajua ile mwaka yake ya Mombasa. Alikuwa anasema uko na Kiswahili safi kushinda watu wote. Tafadhali tuandikie aya moja tu. Mtu wa kuchapisha anataka Alhamisi." Niliusoma mara tatu, kisha nikaifunika simu kifudifudi juu ya madaftari. Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza marehemu ni nani wangu, nami nikavuta insha nyingine. Karibu miaka ishirini sikuwahi kulitamka jina la Njoroge kwa sauti, na sasa ninaombwa nimsifu mbele ya watu wake, mimi, katika viumbe wote wa Mungu. Aya kama hiyo naweza kuiandika nimefumba macho: alikuwa mchapakazi, alipenda watu, Pwani haitamsahau. Uongo mtupu. Pwani ilimsahau siku ile ile alipoondoka, na aliondoka kwa sababu yangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza shule, nangoja nafasi ya chuo cha ualimu iliyokuwa haiji. Nilikuwa nikikaa Bombolulu na mwenzangu Umazi, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita iliyojengwa kwa haraka na kuachwa bila lipu, mlango wetu ukitazamana na choo. Umazi alikuwa akitunga shanga kwenye karakana moja ya pale mtaani, na mimi nilikuwa nikimsaidia zikizidi. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, pazia la leso mbili zilizoshonwa pamoja, na jiko la mafuta ya taa lililokuwa likitutoa machozi kila jioni. Njoroge alipanga vyumba viwili vya mwisho. Alikuwa mtu wa bara, umri wa kaka yangu mkubwa, aliyewahi kufanya kazi ya kutunza maabara katika shule moja mpaka kazi ikaisha. Familia aliiacha kwao. Sisi tulikuwa tukimcheka kwa sababu alikuwa akichemsha mahindi na maharagwe sufuria nzima Jumapili na kuyala mpaka Alhamisi, bila nazi, bila hata kitunguu. Umazi alikuwa akimpelekea kisahani cha mbaazi za nazi na hamri mbili, na yeye alikuwa akikirudisha kisahani kimeoshwa, ndani ameweka parachichi. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Siku moja alibisha hodi, akasimama mlangoni amejipinda kama mtu anayeomba chumvi. "Nyinyi watu wa hapa mnajua majani," akasema. "Mimi najua mashine. Si tukae pamoja tujaribu?" Akatupeleka kwenye chumba chake cha pili, na sitasahau nilichokiona. Juu ya meza kulikuwa na maikrowevu, mtumba wa kutoka Dubai, imetobolewa tundu upande wa juu. Katika tundu lile alikuwa ametia bomba fupi la shaba, na ndani ya bomba ulipita mrija wa kioo uliotoka kwenye chupa ya mviringo iliyokaa ndani ya maikrowevu, ukapanda, ukajikunja, ukashuka ndani ya mrija mwingine mnene wa kupoozea, ukaishia kwenye kioo chembamba chenye bilula. Alitueleza kwa pole pole, akitumia mikono pale Kiswahili kilipomwishia. Ukichemsha majani kwa moto wa kuni, nusu siku inakwisha na harufu nyingine inaungua. Maikrowevu haichomi jani kutoka nje. Inayachemsha yale maji yaliyomo ndani ya jani lenyewe, yanakuwa mvuke, yanapasua vile vifuko vidogo vya harufu, na mvuke unatoka umeyabeba mafuta. Huongezi hata tone la maji. Dakika thelathini, kazi imekwisha. Nilimwuliza lile bomba la shaba ni la nini. Akasema tundu likiachwa wazi, mawimbi yatatoka na kututia mtoto wa jicho. Akachukua kitaa kidogo cha mrija, kisichounganishwa na waya wowote, akakizungusha polepole kila upande wa maikrowevu ikiwa inanguruma. "Hii ikiwaka yenyewe, tunakimbia," akasema. Haikuwaka. Alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi, mwaka mzima, kabla hajaturuhusu kusogea. Umazi hakuridhika. "Mawimbi haya yatatukausha vizazi, mwenzangu," aliniambia, na alikuwa akijifunga leso ya pili tumboni kila akiingia mle chumbani. Leo ana watoto watano huko Malindi.

Sisi tulichagua kivumbasi. Majani ya kivumbasi kila nyumba ya kwetu inayajua: yanatiwa chumbani kufukuza mbu, wanaogeshwa nayo watoto wachanga, na mtu akishikwa na mafua anachuma mikono miwili, anaitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, anajifunika blanketi na kujifukiza mpaka jasho limtiririke. Kule Mjambere yalikuwa yakijiotea nyuma ya nyumba za watu bila kupandwa. Mara ya kwanza tulimletea Njoroge gunia zima, tena tulikuwa tumeyaanika siku mbili juani, kwa sababu hivyo ndivyo yanavyoanikwa yakitaka kuchomwa usiku kwa ajili ya mbu. Tulijiona tumemrahisishia kazi. Aliyatia ndani ya chupa, akawasha, na baada ya dakika chache moshi ukaanza kutoka na chumba kikanuka kama jaa linaloungua. Akazima, akafungua, akalishika jani moja likavunjika mkononi. "Hii imekauka!" akasema. "Haina maji. Sasa mafuta itabebwa na nani?" Umazi aliangua kicheko, akakaa chini kabisa, na Njoroge naye akacheka. Mimi sikucheka sana. Nilikasirika kidogo, maana sikuzoea kusahihishwa mambo ya majani na mtu aliyekuwa hajui hata kuyaita kwa jina. Natamani ningeielewa siku ile. Tulikuwa tumefanya jambo tulilolijua tangu utotoni, tumelifanya kwa usahihi wake wote, na likawa kosa kwa sababu kitu kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kingine.

Tulipojifunza kuleta majani mabichi, yamechumwa alfajiri, mambo yakanyooka. Mimi na Umazi tulikuwa tukipokezana kumwagia mrija wa kupoozea maji ya barafu tuliyoyanunua kwa jirani, kata baada ya kata, huku tukiimba pambio za kanisani. Tone la kwanza lilikuwa likianguka, kisha la pili, na baadaye juu ya maji yale ukauona utepe mwembamba wa manjano umeelea. Ndiyo mafuta hayo. Gunia zima la majani lilitupa kichupa kisichozidi kidole changu cha shahada. Harufu yake ilikuwa ikiingia hata kwenye unga wa sima. Mkate tulioula ulikuwa kivumbasi, chai ilikuwa kivumbasi, mto niliolalia ulikuwa kivumbasi, na wanawake waliokuwa wakianua nguo nje nikawasikia wakisema, "Mle ndani wanapikwa majini, si bure." Njoroge aliposikia neno hilo alituuliza majini ni maji ya aina gani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Naandika haya nikijua kwamba mwaka ule, mpaka siku ya yule mtoto, Neema, ulikuwa mwaka wa furaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nifike kwenye lebo. Watu walianza kuyataka mafuta, kwanza wa kanisani, kisha wa mitaa ya jirani, na Njoroge akasema vichupa haviwezi kutoka uchi. Alikata vipande vya karatasi upana wa vidole viwili. Kwenye karatasi ya daftari akaniandikia maneno anayotaka: "Hii ni kali sana. Weka matone mbili peke yake kwa maji. Usiongeze." Akanipa na penseli, akaniambia kwenye maabara huandika kwa penseli, maana mafuta ya aina ile hula wino. Nilisoma maneno yale mbele ya Umazi nikiigiza sauti yake, "matone mbili peke yake," na Umazi akaziba mdomo kwa leso. Nilijua kuandika, bwana. Shule nzima nilikuwa wa kwanza katika insha. Nikaona haya kwamba kitu kitokacho mikononi mwetu kipelekwe kwa watu wa Mvita na Kisauni kikiwa na Kiswahili cha namna ile. Nikaiweka penseli kando, nikatwaa kalamu ya wino wa buluu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa kulala: "Mafuta safi ya kivumbasi cha Mjambere. Tumia kama utumiavyo majani yake." Yakajaa vizuri kabisa. Ya matone hayakupata nafasi, na wala sikuyatafutia. Nilijiambia, nani wa Pwani afundishwe kujifukiza na mtu wa bara? Njoroge alikuwa ameinamia mrija wake akifunga bilula. "Madam, ile ya matone umeweka?" akauliza bila kugeuka. "Yote yamo, bwana Njoroge," nikamjibu. Nikamsogezea kipande kimoja akione, akakishika mbali na macho yake kama mtu asiyeyaona vizuri maandishi madogo, akatabasamu. "Maandishi safi," akasema. "Sawa, Kiswahili ni yenu." Akarudi kwenye mrija.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mwangu mara nyingi kuliko sala. Yote yamo. Yalinitoka kirahisi tu, sikuyatafuta. Sikuwa na ubaya naye hata kidogo. Ningekuwa na ubaya pengine ningekuwa mwangalifu zaidi.

Neema alikuwa na miaka minne. Mama yake, ambaye sote tulimwita Mama Neema, alikuwa mwimbaji wa kanisani kwetu na nyumba yake ilikuwa Mjambere, hatua chache kutoka mahali tulipokuwa tukichuma. Alikuwa akituruhusu kuchuma na kutupa maji ya kunywa, na Neema alikuwa akitufuata nyuma akiimba nyimbo za shule ya Jumapili kwa sauti kubwa mno kwa mtoto mdogo vile. Jumapili moja mtoto alikuwa na mafua, na baada ya ibada Umazi akampa mama yake kichupa kama shukrani. Jumatatu kabla ya adhuhuri, Mama Neema akachemsha maji, akayatia kwenye beseni, akamkalisha mtoto mapajani. Majani yangekuwa mikono miwili. Kichupa hakikuwa hata kidole. Akaona ni kidogo, akakimimina chote, akajifunika pamoja na mtoto blanketi zito kama tufanyavyo, na mtoto alipoanza kulia akamshikilia, maana watoto wote hulia wakifukizwa. Aliposhtuka kwamba kilio kimekatika, Neema alikuwa amelegea, macho yamemgeuka, kifua kinavuta na hewa haiingii. Mafuta ya gunia zima la majani yalikuwa chini ya blanketi lile.

Sisi tulikuwa kwenye chumba cha mafuta. Kijana wa bodaboda alikuja na habari, na kabla Njoroge hajamaliza kuzima mashine, ua ulikuwa umejaa watu. Mtoto alikuwa amekimbizwa hospitali na baba yake. Hakuna aliyejua kama atapona. Mama Neema walikuwa wamemkalisha kwenye kizingiti cha mlango wetu, amefunika uso kwa leso, na mwenzake ameshika kile kichupa. Mzee wa mtaa alikuwepo, mtu mpole siku zote, lakini siku ile hakutoa hata salamu. "Umewapa watu wetu sumu," akamwambia Njoroge. Njoroge alinyoosha mikono yote miwili. "Si iliandikwa? Iliandikwa matone mbili! Mbili peke yake!" Wakakigeuza kichupa. Mafuta yalikuwa yametiririka ubavuni na wino wangu mzuri ulikuwa umekuwa doa la buluu. Hakukuwa na herufi hata moja iliyosomeka. Hapo akanitazama, na sikuona shaka yoyote usoni mwake. Alikuwa mtu aliyemwona shahidi wake. "Madam, waambie. Waambie vile uliandika."

Watu wote wakanigeukia. Walikuwa watu wangu, wa kanisani kwangu, waliokuwa wakiniita mwanetu. Nilimwona Umazi pembeni, mkono mdomoni, ananitazama. Nilijua neno la kusema, lilikuwa fupi. Nikasema, "Mimi kazi yangu ni mwandiko tu. Mambo ya dawa anayajua yeye." Nikatazama chini. Nikasikia kelele ikipanda, kisha vioo vikivunjwa, mrija baada ya mrija, na maikrowevu ikatupwa uani mlango wake ukang'oka. Mtu mmoja alimshika Njoroge ukosi wa shati. Mzee wa mtaa akaingia kati, akamwambia kwa usalama wake mwenyewe ahame kabla jua halijatua. Njoroge hakubishana tena. Nadhani tangu nilipofungua mdomo alikuwa hamsikii tena mtu mwingine.

Mimi nilijificha chumbani. Nikamsikia akikunja vitu vyake, ukuta ulikuwa mwembamba. Kisha nyayo zikaja zikasimama nje ya mlango wetu. Pazia la mlangoni lilikuwa limeshuka. Niliviona viatu vyake kwa chini, na mfuko wa nailoni. Nilijua anachotaka kuniuliza, nikawa natunga jibu. Lakini hakuniuliza. "Madam," akasema, "mtoto akiamka, mnipigie." Akangoja. Akaondoka.

Neema aliamka siku ya tatu. Namba ya Njoroge nilikuwa nayo, ya kwangu alikuwa nayo, na laini hii ya simu sijaibadilisha tangu nilipoinunua mwaka ule. Sikumpigia. Siku ya kwanza niliogopa ataniuliza. Wiki ya kwanza nikaona nimechelewa. Mwezi wa kwanza nikajiambia lazima amekwisha kusikia kwa mtu mwingine, na ndani ya mwaka barua yangu ya chuo ikaja, nikahama Bombolulu, nikajifunza kuwafundisha watoto utungaji. Umazi hatukugombana. Aliacha tu kunichekea, na alipoolewa hakunialika. Kila nikisahihisha insha ya mtoto aliyeruka neno, nikimwandikia "Soma tena!" pembeni, mkono wangu huwa unasita kidogo. Wanafunzi wangu hawajui kwa nini.

Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Mjambere. Sikuweza kuandika kabla sijaenda. Nyumba ya Mama Neema imeongezwa chumba na kupakwa rangi, na nyuma ambako kulikuwa na kivumbasi sasa kuna vyumba vya kupangisha. Nilimkuta anachambua mchele barazani. "Shikamoo, Mama Neema." "Marahaba, mwanangu. Wewe si Kadzo?" Akanisogezea mkeka, akamwita binti yake alete chai, na ndani ya nyumba nikasikia "Abee, mama," kwa sauti ya mkwaruzo, sauti ya mtu aliyekuwa akipiga kelele siku nzima. Chai ikaja na viazi karai. Aliyeileta ni mwanamke mzima, mtoto amembeba kiunoni, na alipotusalimia kila neno lilikwaruza. Nilikunywa chai yote, iliyokuwa moto, ili nisiongee.

Kisha nikamwambia Mama Neema kwamba Njoroge amefariki. Aliacha kuchambua. "Yule bwana wa mafuta," akasema. "Mungu amrehemu." Nikamwambia kwamba Njoroge aliandika matone mawili, na mimi ndiye niliyeyaruka, na siku ile mbele ya watu nilisema nilichosema. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo njia nzima na bado lilinitoka vipande vipande. Mama Neema alikokota punje moja nyeusi kwa kidole mpaka ukingoni mwa ungo. "Najua," akasema. Nikadhani hakunielewa. "Najua, Kadzo. Kusoma mimi sijui, wewe wajua. Umazi ndiye aliyenisomea pale kanisani. 'Tumia kama utumiavyo majani yake.' Akaniambia, hayo kayaandika Kadzo, hebu ona alivyo fundi. Mpaka leo nayakumbuka neno kwa neno." Nikamwuliza mbona siku ile hakusema. Aliuweka ungo chini. "Ningesema nini? Mkono uliomimina ni wangu. Mikono iliyomshika mtoto akilia ni yangu. Ningekutaja wewe, wangeniuliza na mimi. Wewe ulikuwa na watu hapa, na mimi nilikuwa na watu hapa. Yule bwana hakuwa na mtu."

Neema alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini. "Mwamzungumza nani?" akauliza. Mama yake akasema ni bwana mmoja wa bara, aliyekuwa akitoa mafuta zamani. "Ndiye aliyeniharibu kifua?" Mama yake akanitazama, nami nikajua kwamba nafasi ile ile ya uani Bombolulu imerudi, watu wachache zaidi tu. "Hapana," nikasema. "Si yeye. Ni mimi." Nikamweleza, kwa maneno mafupi, na sikujitetea. Alinisikiliza huku akimbembeleza mtoto wake. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Alimhamishia mtoto kiuno cha pili, akaniuliza kwa ile sauti yake, "Na miaka yote hii ulikuwa hapo Mikindani tu?" Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani. Mama yake aliniaga kwa adabu, lakini hakuniambia karibu tena.

Jumatano hiyo hiyo nilipofika nyumbani nikakaa mezani kabla hata ya kuvua viatu. Nikaandika kwa penseli kwanza, kwenye daftari, kisha nikayahamishia kwenye simu. Nilifuta "mchapakazi". Nikafuta "Pwani haitamsahau". Nikabaki na haya:

"Mwaka aliokaa Bombolulu, Njoroge alitoa mafuta ya kivumbasi kwa mashine aliyoitengeneza kwa mikono yake, na kila asubuhi aliipima kwanza ili isitudhuru. Aliagiza iandikwe kwamba mafuta ni makali, yatiwe matone mawili tu. Mimi, Kadzo, ndiye niliyeandika lebo, na maneno hayo niliyaruka. Mtoto aliumia. Nilipoulizwa mbele ya watu nilimsukumia Njoroge lawama, akafukuzwa bila kosa. Akiondoka aliomba apigiwe simu mtoto akiamka. Mtoto aliamka siku ya tatu. Anaitwa Neema, na sasa ni mama. Njoroge sikumpigia."

Nikaituma aya hiyo. Wanjiru hakujibu mpaka Alhamisi adhuhuri, na saa zote hizo nilikuwa kama mtu aliyekaa nje ya chumba cha daktari. "Anti, nimesoma na mama," aliandika mwishowe. "Mama amelia sana. Anasema baba kila akisikia mtoto wa mtu amelazwa alikuwa anakumbuka huyo wa Mombasa. Hakuwahi kujua." Papo hapo ujumbe wa pili ukaingia. "Lakini mtu wa kuchapisha anasema nafasi ni kidogo, picha imechukua mahali kubwa. Anauliza kama anaweza kutoa ile ya matone mawili na ile ya mwisho ya simu, zile zingine zibaki."

Nilisimama. Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikawa naandika na kufuta. "Ukitaka, toa ya mashine," nikamwandikia. "Lakini jina langu, matone mawili na simu visitolewe. Nakuomba, mwanangu. Niliwahi kuyatoa kwa sababu ya nafasi."

Jibu lilikuja upesi kuliko yote.

"Sawa anti. Tutapunguza picha."